Taka za Mji na Taka Zetu

(Hotuba iliyotolewa bwaloni, katika mkutano wa mwaka wa Chama cha Wanafunzi wa Zamani, na mwanachama mwenzetu, Bwana Afya mstaafu.)



Katibu aliponiandikia aliniomba nieleze kwa muda mfupi kazi niliyoifanya maishani. Wenzangu waliosimama hapa miaka iliyopita walikuwa na kazi za kupendeza masikioni. Mmoja alikuwa rubani, mwingine jaji, mwingine daktari wa upasuaji. Mimi nilikuwa mtu wa taka. Tangu nilipomaliza chuo mwaka 1981 hadi nilipostaafu mwaka 2020 nilikuwa Bwana Afya katika halmashauri za miji, na kwa miaka mingi nilisimamia usafi wa masoko, zahanati, kumbi, stendi na viwanja vya mikutano ya hadhara. Miji yenyewe sitaitaja, maana baadhi yenu mnaishi huko, na tena nitakayoyasema mengine ni makosa yangu mwenyewe.

Ndugu Mwenyekiti, naomba nianzie hapa hapa shuleni.

Sisi tulioingia Kidato cha Kwanza mwaka 1974 tulikuja na ndoo, jembe, fagio, sahani ya bati na kikombe cha bati kilichoandikwa jina kwa msumari. Nani hapa asiyekumbuka? Maganda ya ndizi na ya viazi yalikwenda kwa ng'ombe wa shule. Ukoko uliosugua sufuria ulikwenda kwa kuku, kama haukugombewa na wavulana wa Kidato cha Pili kwanza. Majivu ya jikoni yalimwagwa chooni. Majani tuliyofyeka Jumamosi yalitupwa katika shimo la mboji nyuma ya bweni la nne, na mboji ile ndiyo iliyootesha mchicha tuliokula. Soda, ilipopatikana, ilikuwa katika chupa ya kioo, na usiporudisha chupa tupu huuziwi nyingine. Debe la mafuta ya taa lililokwisha lilikuwa ndoo, na kopo la maziwa lilikuwa koroboi. Gazeti likishasomwa liliuzwa kwa mama wa karanga.

Sisemi kwamba tulikuwa watu bora kuliko vijana wa leo. Tulikuwa maskini wa vitu, basi. Lakini tulikuwa na utaratibu: kila kitu kilichotoka mkononi mwa mtu kilijulikana kinakwenda wapi. Na kipindupindu kilipoenea nchini mwaka 1977 na 1978, tulikwisha zoezwa na kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973, tukajua kuwa uchafu unaua. Mimi nilichagua kazi ya afya kwa sababu ya miaka ile.

Nilipoanza kazi, halmashauri za miji zilikuwa zimerudishwa mwaka 1978 baada ya kuvunjwa mwanzoni mwa miaka ile ya 1970. Tulirithi matrekta mabovu na tela zilizotoboka. Kazi yetu tuliielewa hivi: zoa, pakia, peleka jaani, mwaga. Hatukuuliza kuna nini ndani ya tela. Miji ikakua, mifuko ya plastiki ikaja, chupa za plastiki zikaja, sahani za kutupwa zikaja, nasi tukaendelea kuzoa na kumwaga vile vile. Katika miaka ya 1990 miji ikaanza kukodi kampuni na vikundi vya kuzoa taka. Barabara zikawa safi kidogo, lakini jaa likawa kubwa zaidi.

Naomba mnielewe vizuri juu ya jaa. Zaidi ya nusu ya taka za miji yetu ya Afrika Mashariki ni mabaki ya chakula na majani. Vitu hivyo vikifukiwa pamoja na plastiki, bila hewa, vinaoza na kutoa gesi inayoshika moto. Ndiyo maana majaa yetu huwaka wiki nzima bila mtu kutia kiberiti. Wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walichoka na moshi na harufu ya jaa, wakaenda mahakamani mwaka 1988, na Mahakama Kuu ikawapa haki yao. Zaidi ya moshi, lundo lenyewe likishapanda kama kilima na mvua ikanyesha, hutelemka. Koshe, Addis Ababa, Machi 2017, lundo liliporomoka likaua watu zaidi ya 110. Kiteezi, nje kidogo ya Kampala, Agosti 2024, lundo liliporomoka likafukia nyumba, na waliokufa ni zaidi ya 30. Jaa lile lilikuwa mali ya jiji. Watu wale walifukiwa na maganda ya matoke na chupa za maji za watu wengine, ambao hawakuwajua.

Basi mtu akiniuliza kwa nini Bwana Afya mzee anasumbuka na chupa moja ya maji, jibu langu ni hilo.

Sheria tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazitaka serikali za mitaa zipunguze taka na kuzitenganisha pale zinapotoka. Mifuko ya plastiki nayo tumeifukuza: Rwanda mwaka 2008, Kenya Agosti 2017, na sisi Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, huku ndugu zetu wa Zanzibar wakiwa wametutangulia kwa miaka mingi. Wengi walisema haiwezekani, na leo kila mama anakwenda sokoni na kikapu chake. Lakini mfuko mmoja kupigwa marufuku ni jambo moja. Jinsi mji wenyewe unavyoendesha soko lake, hospitali yake, ukumbi wake na sherehe zake ni jambo jingine, na huko ndiko nilikoshindwa na huko ndiko nilikojifunza.

Nitasema kosa la kwanza.

Mwaka mmoja sherehe za Mei Mosi za mkoa zilifanyika katika uwanja wa mji wetu. Mimi nilikuwa nimetoka semina. Nikaandika dokezo, nikapewa fedha, nikanunua mapipa 60 ya rangi tatu: kijani kwa mabaki ya chakula, bluu kwa karatasi, njano kwa chupa. Mgeni rasmi aliyasifu mapipa yale katika hotuba yake, nami nikapigiwa makofi. Jioni, watu walipoondoka, likaja lori moja. Vijana wakapakia kijani, wakamwagia bluu juu yake, wakamalizia na njano. Vyote vikaenda jaani pamoja.

Langoni alikuwa amesimama mama mmoja mwenye magunia matupu. Alikuwa muokota chupa. Asubuhi mgambo walikuwa wamemwondoa, kwa amri yangu mimi, kwamba anachafua sura ya sherehe. Akaniambia, "Bwana Afya, asubuhi mmenifukuza, na sasa mnakwenda kuzika kitu nilichokuja kuchukua."

Sikuwa na la kumjibu. Na yale mapipa, nusu yake yalitoweka katika mwezi ule ule. Niliyakuta baadaye katika nyua za watu, yamejaa maji ya kunywa, na kwa hakika huko yalifanya kazi nzuri zaidi kuliko uwanjani.

Wiki iliyofuata nilimtafuta yule mama nikaenda kukaa naye barazani kwake. Ndugu zangu, semina zote nilizohudhuria hazikunifundisha kama asubuhi ile. Alinionyesha kuwa kifuniko cha chupa ni plastiki ya aina nyingine, na mnunuzi huvipima mbali. Alinionyesha kuwa chupa nyeupe ina bei kuliko ya rangi, na kwamba chupa iliyolala pamoja na wali na mchuzi hushuka bei au hukataliwa kabisa, maana kiwandani itachafua nyingine zote. Chupa iliyopitia kwenye lori letu ilikuwa imekwisha kufa kabla ya kufika jaani. Akaniambia kuwa kama angeruhusiwa kuingia uwanjani na wenzake watano, kila mmoja na gunia lake, lori letu lisingeona chupa hata moja, na mji usingelipa hata senti.

Hapo ndipo nilipopata kanuni ambayo naomba vijana muiandike: usinunue pipa kabla hujamjua mpokeaji. Anza mwisho. Nani atachukua chupa? Nani atachukua makombo? Nani atachukua karatasi? Ukishampata mpokeaji, muulize anataka kitu hicho kikiwa katika hali gani, kisha ndiyo urudi nyuma mpaka kwa mtu anayetupa. Kitu kisicho na mpokeaji, usikikaribishe uwanjani tangu mwanzo.

Kwa kanuni hiyo tuliyashughulikia masoko. Soko la mji linatoa majani ya kabichi, maganda ya mahindi, mikungu ya ndizi, majani ya migomba yaliyofungia mizigo, na nyanya zilizopondeka. Sehemu kubwa ya uzito wa vitu hivyo ni maji. Kwa maneno mengine, tulikuwa tunanunua dizeli ili tusafirishe maji kutoka sokoni kwenda jaani. Na katika mwaka huo huo wa fedha, idara ya bustani katika jengo lile lile ilikuwa inanunua samadi kwa ajili ya miti ya barabarani! Ofisi mbili, ukuta mmoja katikati, moja inalipa kutupa na nyingine inalipa kununua. Nilicheka, halafu nikaona aibu, maana nilikuwa nimepitisha hati za malipo za upande wangu kwa miaka kadhaa.

Tukaanza mboji. Kazi yenyewe si ngumu, na ninyi wa Kidato cha Kwanza 1974 mnaijua. Unachanganya majani mabichi na vitu vikavu, yaani maranda, pumba au nyasi kavu. Lundo liwe na unyevu kama kitambaa kilichokamuliwa, na lipinduliwe kila baada ya siku chache lipate hewa. Likiwa sawa linapata moto lenyewe. Chomeka fimbo katikati, ichomoe, na utashindwa kuishika kwa muda. Moto huo huua mbegu za magugu na vijidudu. Baada ya miezi mitatu hivi una udongo mweusi usionuka. Ugumu ni mmoja tu: plastiki isiingie. Kwa hiyo kutenganisha kulifanywa pale pale mezani kwa muuza mboga, si jaani. Tulikubaliana na viongozi wa soko kwamba anayetenganisha apunguziwe ushuru wa usafi, na asiyetenganisha alipe wote. Hapakuhitajika mgambo. Na wakulima wa kabichi tuliwaomba wapunguze majani ya nje shambani kwao, ambako ni mbolea, kuliko sokoni kwetu, ambako ni mzigo.

Nafurahi kuona kwamba jambo hili sasa linafanywa kwa ukubwa zaidi. Manispaa ya Kinondoni, kwa ushirikiano na jiji la Hamburg la Ujerumani, imejenga kiwanda cha mboji Mabwepande kwa ajili ya taka za masokoni. Anayetaka kuona kwa macho yake aende huko.

Katika ukumbi wa baraza tulikuwa na vita vya namna nyingine. Kila kikao kilikuwa na chupa mbili ndogo za maji kwa kila diwani, moja ikanywewa nusu na nyingine ikafunguliwa tu. Nilipendekeza majagi na bilauri. Diwani mmoja akasimama akasema, "Mwenyekiti, huyu Bwana Afya anataka tufe kwa kipindupindu?" Ukumbi ukacheka. Ikanibidi nieleze jinsi maji yatakavyochemshwa na kuchujwa, kisha nikamimina bilauri, nikainywa yote mbele yao. Hoja ikapita. Makabrasha nayo tukaanza kuyachapa pande mbili za karatasi, na nakala za zamani zikauzwa kwa uzito kwa wanunuzi wa karatasi. Fedha hizo zilikuwa kidogo, sitawadanganya. Faida kubwa ilikuwa katika karatasi ambayo hatukuinunua. Kurejeleza ni kuzuri, yaani kuirudisha taka kiwandani ikawa mali mpya, lakini kutokuizaa taka ni kuzuri zaidi.

Sasa nafika kwenye kosa la pili, ambalo ni zito, nami sijapata kulisema mbele ya watu.

Taka za hospitali watu huziogopa zote. Kwa kweli, katika kila sehemu 100 za taka za hospitali, kama 85 ni taka za kawaida, sawa na za nyumbani: karatasi, maganda, maboksi. Zenye hatari ni kama 15. Lakini ukizichanganya, zote 100 zinakuwa za hatari. Ndiyo sababu kuna ndoo za rangi mbalimbali, na ndiyo sababu sindano iliyotumika hutumbukizwa papo hapo katika boksi gumu la njano, lisilotoboka, likijaa robo tatu linafungwa na kupelekwa kuchomwa katika tanuri.

Robo moja ya mwaka fedha zilichelewa. Katika maombi yaliyoletwa mezani kwangu kutoka kituo kimoja cha afya cha mji kulikuwa na maboksi ya sindano. Nilikata mstari ule. Niliandika kwa mkono wangu, "Watumie vyombo vilivyopo kwa sasa," nikatia sahihi. Vyombo vilivyopo vilikuwa makatoni matupu ya dawa. Katoni moja ikalowa, ikatupwa pamoja na taka za kawaida, na asubuhi kijana mmoja mzoa taka akaikumbatia kuipandisha kwenye tela. Sindano ikamwingia katika kiganja.

Alipelekwa kupimwa na kupewa dawa za kinga ndani ya saa 72 kama inavyotakiwa, akazimeza kwa siku 28. Kisha akasubiri vipimo vya mwisho kwa miezi. Alikuwa na mke mja mzito. Kila nilipopita kituo cha magari nilimwona amekaa peke yake, wenzake wakipiga soga upande wa pili. Mungu akamnusuru, vipimo vyote vikatoka salama. Siku alipopata jibu la mwisho alikuja ofisini kwangu, akasimama mlangoni na kofia mkononi. Nilidhani amekuja kunipa habari njema. Akaniuliza kwa sauti ya chini, bila hasira, "Mzee, lile boksi lingegharimu shilingi ngapi?"

Nilikuwa naijua bei yake. Sikuweza kuitamka.

Tangu siku ile sikukata tena mstari ule, na kila nilipofundisha vijana wapya wa idara niliwaambia kwamba taka haina mwisho pale inapotoka machoni pako. Kuna mkono wa mtu unaoipokea. Mkono ule aghalabu hauna glavu.

Turudi kwenye sherehe, maana nataka kumaliza na jambo lililo mbele yetu.

Mei Mosi iliyofuata hatukununua pipa hata moja. Tulibadilisha mkataba wa mpishi. Tuliandika kwamba hataleta sahani za kutupwa wala chupa ndogo za maji. Ataleta sahani za kuosha, matangi ya maji yenye bomba, na vikombe. Wauza vyakula waliopewa nafasi uwanjani walipewa masharti hayo hayo. Yule mama na kikundi chake walipewa vitambulisho na makoti, wakaingia langoni asubuhi kama watu wa kamati. Makombo yalichukuliwa na wafugaji. Jioni lori lilikuja, likaondoka na mzigo usiofika nusu yake.

Lakini niseme yote. Mwaka uliofuata mimi nilihamishwa. Mkataba mpya ukaandikwa na mtu mwingine, kifungu kile kikasahauliwa, na chupa zikarudi uwanjani kana kwamba hazikuondoka. Nilijifunza kwamba jambo jema likikaa kichwani mwa mtu mmoja, linahama naye. Likae kwenye mkataba, kwenye zabuni, kwenye fomu ya kukodi ukumbi. Hata tarehe 9 Desemba 2015, Rais Magufuli alipofuta sherehe za Uhuru na kuagiza nchi nzima ifanye usafi, wengi tulishika fagio kwa moyo. Na wenzetu wa Rwanda wanafanya umuganda kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Fagio ni jambo jema. Lakini fagio linakuja baada ya taka kuwapo. Mkataba unakuja kabla.

Ndugu Mwenyekiti, sasa naomba radhi, maana nitawasema wenzangu, nami nikiwamo.

Mwaka jana tulikutana hapa, tukala, tukacheza, tukapiga picha. Tuliondoka Jumapili jioni. Mimi nililala kwa ndugu yangu hapa kijijini, na Jumatatu asubuhi nikapita shuleni kuaga. Nikawakuta vijana wa Kidato cha Pili, badala ya kuwa darasani kipindi cha kwanza, wanaokota taka zetu. Chupa ndogo za maji, makontena ya foili yenye wali nusu, vijiko vya plastiki, mabango yenye picha zetu. Wakavipeleka kwenye shimo nyuma ya bweni la nne. Shimo lile lile la mboji, ndugu zangu. Wakalitia moto, na moshi mweusi wa plastiki ukaingia bwenini kupitia madirishani. Mvulana mmoja alikuwa anakohoa, nikamwuliza kama anaumwa. Akanijibu, "Hapana, shikamoo. Ni moshi wa wageni tu."

Wageni ni sisi. Tunakuja hapa kuwahutubia vijana juu ya nidhamu, halafu tunawaachia moshi.

Kwa hiyo nina maombi manne, na naomba mkutano huu uyaamue leo leo, kabla hatujala.

La kwanza, kuanzia mkutano ujao kila mwanachama aje na kikombe chake, kama alivyokuja Kidato cha Kwanza. Maji yawe katika matangi yenye bomba. Kamati isinunue chupa ndogo hata moja.

La pili, chakula kiliwe katika sahani za kuosha, na tuzioshe wenyewe, kwa mabweni yetu ya zamani, kwa zamu. Wale wanaosema migongo inauma watakausha. Na mhazini apate idadi ya watu wiki mbili kabla, ili mpishi asipike kwa kukisia. Kitakachobaki kiende kwa mifugo ya shule.

La tatu, Chama kigharimie kulifufua shimo la mboji, na kujenga kizimba cha waya cha kuwekea chupa na makopo hadi mnunuzi aje. Mnunuzi nimekwisha zungumza naye. Anapita barabara kuu kila mwezi, na anazitaka chupa zikiwa safi na vifuniko mbali. Nilianza mwisho, kama nilivyowaambia. Na kuchoma plastiki katika eneo la shule kukome.

La nne ni kwenu ninyi mlioshika nafasi. Katika ukumbi huu naona madiwani wawili, mhandisi wa manispaa, meneja wa uwanja wa michezo, na mganga mfawidhi wa kituo cha afya. Siwaombi mnunue mapipa ya rangi. Nawaomba mkirudi ofisini Jumatatu mtoe mkataba mmoja tu kabatini, wa chakula, wa usafi au wa kukodi ukumbi, mwongeze ndani yake kifungu kimoja. Na wewe mganga mfawidhi, rafiki yangu, hesabu maboksi ya sindano yaliyobaki stoo.

Nimesema mengi, na harufu ya pilau inanishinda hata mimi. Kikombe changu hiki hapa. Ni kile kile cha mwaka 1974. Jina langu limefutika kidogo lakini linasomeka.



(Maombi yote manne yalipigiwa kura ya mikono na kupitishwa. Wanachama wanakumbushwa: mkutano ujao, kikombe. — Mhariri)